Umeungua jikoni? Dakika 20 za maji kwanza, dawa baadaye

Kosa linalojirudia kwa wanaoungua jikoni ni lile lile: maji kwa sekunde kumi, kisha dawa ya meno. Maumivu yanapoa kidogo, mtu anarudi kwenye sufuria yake, na kesho yake lengelenge limejaa. Wiki ya pili kidonda bado kibichi na watu wanalaumu dawa, wakati jeraha lilishaharibika kwenye zile dakika 20 za mwanzo ambazo hazikutumika.

Mwongozo huu unahusu majeraha madogo: mafuta ya maandazi yaliyoruka, mvuke wa ubwabwa, mfuniko ulioshikwa bila kitambaa, chai iliyomwagika mkononi. Kama jeraha ni kubwa, au aliyeungua ni mtoto mchanga, mmwagie maji kama ilivyoelezwa kwenye hatua ya 3 huku mtu mwingine akitafuta usafiri.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya siku yenyewe

- Maji safi, angalau lita 20. Ndoo moja yenye mfuniko itengwe jikoni na isiguswe kwa kuoshea vyombo.
- Jagi au kata. Chupa ya lita 1.5 yenye mfuniko uliotobolewa tundu moja la msumari inafaa zaidi, kwa sababu maji hutoka polepole. Wenye kibuyu chirizi uani wanacho tayari kifaa kizuri.
- Beseni safi.
- Saa, au simu yenye kengele.
- Mkasi.
- Nailoni nyembamba ya kufungia chakula, ile inayouzwa kwenye roli.
- Shashi, bandeji na plasta ya karatasi kutoka duka la dawa.
- Vaseline isiyo na manukato, kopo jipya litakalowekwa kwa kazi hii tu. Kopo ambalo kila mtu nyumbani anachovya kidole halifai.
- Paracetamol: vidonge kwa wakubwa, ya maji kwa watoto.
- Khanga au kitambaa cha pamba kilichofuliwa, kikaanikwa juani na kupigwa pasi ya moto, kisha kikahifadhiwa kwenye mfuko safi.

Pamba ya duka la dawa haimo kwenye orodha kwa makusudi. Nyuzi zake hunata kwenye kidonda kibichi na kuzitoa ni kumchuna mtu upya.

## Hatua ya 1: Zima chanzo cha moto

Zima gesi, au sogeza jiko la mkaa mbali. Inaonekana ni jambo la kawaida, lakini wengi hukimbilia bombani wakiacha karai la mafuta likiwaka nyuma yao.

Mafuta yakishika moto kwenye kikaangio, yafunike kwa mfuniko wa chuma au sinia, zima jiko, na uache chombo hapo hapo hadi kipoe kabisa. Usimwage maji juu ya mafuta yanayowaka, maana maji hugeuka mvuke ghafla na kurusha mafuta yenye moto hadi darini. Usibebe kikaangio kukimbilia nje pia. Mafuta humwagikia mbebaji kabla hajafika mlangoni.

## Hatua ya 2: Vua kila kinachobana na kila kilicholowa

Pete, bangili, saa, shanga za kiunoni, soksi: vyote vitoke ndani ya dakika ya kwanza. Sehemu iliyoungua huvimba haraka, na pete iliyotoka kwa urahisi saa nne asubuhi itahitaji kukatwa saa sita.

Nguo iliyolowa maji moto au mafuta iondolewe mara moja, kwa sababu kitambaa hushikilia joto na kuendelea kuchoma ngozi. Kwa mtoto, kumbuka nepi: ikinywa chai ya moto, inaendelea kumuunguza huku watu wote wakiangalia kifua chake.

Nguo iliyoganda kwenye ngozi, hasa ya nailoni iliyoyeyuka, usiivute. Kata kwa mkasi kuizunguka, acha kipande kilichonata, endelea na maji.

Uji mzito, ugali na shira vina tabia yake. Vinang'ang'ania ngozi na kuendelea kuchoma muda mrefu kuliko maji matupu. Shira ya kaimati ni mbaya zaidi kwa sababu joto lake linapita la maji yanayochemka. Usiibandue kwa kucha. Mimina maji, itapoa na kuyeyuka yenyewe. Uji usukume kwa maji yanayotiririka.

## Hatua ya 3: Maji yanayotiririka, dakika 20 kamili

Hii ndiyo tiba. Yote yanayofuata ni kulinda kazi iliyofanywa hapa.

Weka kengele ya simu. Bila saa, dakika 20 za mtu mwenye maumivu huwa dakika nne.

Kwa nini muda mrefu hivyo? Ngozi ikishaungua huhifadhi joto ndani, kama sufuria inavyobaki ya moto baada ya kuepuliwa. Joto hilo huendelea kushuka kwenye tabaka za chini. Jeraha lililokuwa la juu juu linaweza kugeuka kuwa la kina wakati mtu anatafuta dawa. Maji hulitoa joto hilo, na pia hupunguza uvimbe na maumivu.

Umechelewa? Maji bado yanasaidia ndani ya saa 3 tangu kuungua. Aliyepakwa siagi nusu saa iliyopita aioshe taratibu kwa maji, kisha aanze dakika zake 20 upya.

### Maji gani?

Maji ya kawaida ya bomba, kisima au mtungi. Yawe safi kiasi cha kunyweka au angalau kuogea. Usitumie ya bahari, ya bwawa, wala yaliyooshewa samaki.

Yawe baridi ya kawaida. Barafu na maji ya friza hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi iliyoungua inaihitaji damu hiyo. Barafu ikikaa hapo inaweza kuua ngozi iliyokuwa bado hai.

Kwa mikoa ya joto kuna mtego mmoja. Simtanki nyeusi juu ya paa, saa saba mchana Dar es Salaam au Mombasa, inatoa maji ya uvuguvugu na wakati mwingine ya moto kabisa. Yaache yatoke kwanza (yakinge kwenye ndoo, yatafulia) na uyapime kwa mkono usioungua. Yakikataa kupoa, tumia maji ya mtungini. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa kuyavujisha kidogo kidogo, na ubaridi wake ndio unaotakiwa hapa.

### Kama maji ni ya shida

Dakika 20 hazihitaji bomba lililofunguliwa mpaka mwisho. Mchirizi mwembamba wa lita moja kwa dakika unatosha kwa jeraha dogo, kwa hiyo ndoo moja ya lita 20 inamaliza kazi. Lijaribu jagi lako la lita moja siku ambayo hakuna aliyeungua: ukimimina likaisha kwa dakika nzima, mkono wako umeshajua mwendo.

Ukiwa na lita tano tu, kinga maji kwenye beseni safi chini ya jeraha na uyamimine tena. Yakianza kuwa vuguvugu, badilisha kiasi.

Kuchovya mkono kwenye beseni kunakubalika, lakini utikisetikise. Maji yaliyotulia hupata joto pale yanapogusa jeraha, na unabaki umeloweka mkono kwenye maji vuguvugu ukidhani unaupoza.

Njia ya mwisho ni kitambaa safi kilicholoweshwa, kinachobadilishwa kila dakika moja au mbili. Kitambaa kimoja kilichoachwa hapo dakika 20 hakipozi kitu.

### Mtoto na mzee

Poza jeraha, mwili mwingine uwe na joto. Mtoto mdogo akimwagiwa maji mwili mzima kwa dakika 20, hasa sehemu za baridi kama Njombe au Limuru, anaweza kupoa kupita kiasi. Mfunike khanga kavu au blanketi, acha wazi sehemu iliyoungua tu. Akianza kutetemeka sana, kulegea au midomo kubadilika rangi, simamisha maji, mkaushe na umpashe joto.

### Jinsi ya kujua umefanikiwa

Kengele inalia, unatoa mkono kwenye maji, na kwa dakika mbili tatu maumivu yanabaki madogo. Yakirudi kwa kasi, rudisha mkono kwenye maji dakika nyingine kumi. Ngozi ikiguswa kwa mgongo wa kidole isiwe na joto kuliko ngozi ya jirani.

Maumivu kutulia dakika ya tano hakumaanishi kazi imekwisha. Hapo ndipo wengi huacha.

## Hatua ya 4: Pima jeraha wakati maji yanatiririka

Una dakika 20 za kukaa hapo, zitumie kuangalia.

Ukubwa. Kiganja cha aliyeungua, pamoja na vidole vilivyobanwa, ni karibu asilimia 1 ya ngozi ya mwili wake. Tumia kiganja chake, maana kiganja cha mama juu ya kifua cha mtoto wa miaka miwili kinadanganya. Jeraha likizidi kiganja hicho, ni la kituo cha afya.

Kina. Vitabu vingi vinasema "tazama wekundu". Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Angalia hivi: linganisha na upande wa pili wa mwili, tazama kama ngozi inang'aa au imevimba, kisha bonyeza taratibu kwa kidole safi na uachie.

- *La juu juu:* ngozi nzima, kavu, ina joto na inauma ikiguswa. Ukibonyeza hupauka kisha rangi hurudi mara moja. Hupona ndani ya wiki moja hivi.
- *La malengelenge:* ngozi imeinuka na maji ndani, au imechunika ikaacha nyama ya waridi yenye unyevu. Linauma sana, na maumivu hayo ni habari njema: mishipa ya fahamu ipo hai. Hupona kwa wiki mbili hivi, wakati mwingine tatu.
- *La kina:* ngozi nyeupe kama nta, ya kahawia, nyeusi, au ngumu kama ngozi ya ngoma. Ukibonyeza haibadiliki. Maumivu ni kidogo kuliko unavyotarajia. Hili halitibiwi nyumbani hata likiwa dogo kama shilingi.

Nenda kituo cha afya au hospitali leo hii kama:

- jeraha linazidi kiganja cha aliyeungua, au ni la kina;
- lipo usoni, sehemu za siri, kwenye kiungo kama goti au kiwiko, au limezunguka kidole au mkono mzima;
- lipo mkononi au mguuni na lina malengelenge;
- aliyeungua ni mtoto chini ya miaka 5, mzee, mjamzito, au ana kisukari, VVU au ugonjwa mwingine unaopunguza kinga;
- chanzo ni umeme au kemikali, au aliyeungua amevuta moshi mwingi;
- hakumbuki chanjo ya mwisho ya pepopunda, au imepita miaka 10 (miaka 5 kama kidonda kimeingia udongo au majivu).

Mwenye kisukari aliyekanyaga kaa la moto asubiri maumivu ayaone ndipo aende? Hapana. Miguu ya wagonjwa wengi wa kisukari imepungua hisia, na kidonda hukua bila kuuma.

Umeme unadanganya kwa namna yake. Jagi la umeme lenye waya uliochubuka huacha alama ndogo juu ya ngozi wakati ndani misuli na hata moyo vimeguswa. Zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kumgusa mtu.

## Hatua ya 5: Tuliza maumivu

Mtu mzima: paracetamol ya miligramu 500, kidonge kimoja au viwili, na asirudie kabla ya saa 4 kupita. Asizidishe vidonge 8 kwa saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe sana aulize kwanza.

Mtoto hupimiwa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila saa 6, mara nne tu kwa siku. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 100 hadi 150. Dawa ya maji yenye miligramu 120 kwa mililita 5 ni kijiko kimoja cha dawa cha mililita 5. Soma chupa, kwa sababu nguvu hutofautiana, na kijiko cha chai cha nyumbani hakina kipimo. Chini ya miezi 3 usimpe bila mhudumu wa afya.

Aspirini asipewe mtoto. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu hununua kama karanga, si za mwenye vidonda vya tumbo wala mjamzito.

## Hatua ya 6: Funika

Kausha ngozi ya pembeni kwa kuigusagusa tu, jeraha lenyewe usilisugue.

Vuta nailoni ya chakula, kata na kutupa mzunguko wa kwanza ulioshikwa na mikono ya watu, tumia inayofuata. Ilaze juu ya jeraha kama karatasi. Usiizungushe mkono mzima, kwa sababu mkono utavimba na nailoni haitanuki. Shikiza kingo kwa plasta ya karatasi kwenye ngozi nzima.

Uzuri wa nailoni ni tatu kwa moja: hainati kwenye kidonda, inazuia hewa inayochonyota, na unaona kinachoendelea chini yake bila kufungua. Usoni isiwekwe.

Mkono ulioungua vidole unaweza kuvishwa mfuko safi wa chakula usiotumika, ukafungwa kifundoni kwa kulegea. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, na hata ingekuwepo, iliyobebea nyanya sokoni isingefaa. Ukikosa vyote, kile kitambaa cha pamba kilichopigwa pasi kinafanya kazi.

Nailoni ni ya saa 24 za kwanza au ya safari ya kwenda hospitali. Baada ya hapo hamia kwenye shashi: paka Vaseline nyembamba juu ya shashi kwa kijiti safi (usipake kwa kidole kwenye kidonda), laza upande wenye mafuta juu ya jeraha, kisha bandeji isiyokaza. Chini ya bandeji kiingie kidole kimoja bila shida. Vidole vikifa ganzi au kuwa baridi, umekaza, fungua.

Jeraha la juu juu lisilo na lengelenge halihitaji kufungwa. Liache wazi, lipake Vaseline kidogo kuanzia kesho yake.

Inua mkono au mguu juu ya mto siku ya kwanza. Uvimbe ukipungua, maumivu ya kupwita nayo hupungua.

## Hatua ya 7: Siku zinazofuata

Fungua mara ya kwanza baada ya saa 24, kisha kila baada ya siku 2, au mapema kama bandeji imelowa au imechafuka. Kubadilisha kila asubuhi na jioni kunang'oa ngozi changa inayoota.

Nawa mikono kwa sabuni. Shashi ikinata, iloweshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka iachie yenyewe. Osha kwa maji hayo hayo na sabuni laini ya kipande. Dettol, spiriti na haidrojeni peroksaidi viache. Vinaua vijidudu pamoja na chembe hai zinazojenga ngozi.

Lengelenge lisipasuliwe. Ngozi ile ndiyo bandeji bora uliyo nayo, haina mshono wala bei. Kubwa linalobana au lililo kwenye kiungo atalishughulikia muuguzi kwa vifaa safi. Likipasuka lenyewe, osha, acha ngozi ilale pale pale, funika kwa shashi yenye Vaseline.

Kila kitu kikienda sawa, siku ya 3 maumivu yamepungua wazi, siku ya 5 hadi 7 lengelenge dogo limenywea, na kati ya siku ya 10 na 14 unaona ngozi mpya ya waridi au nyepesi ikisogea kutoka pembeni kwenda katikati. Majimaji meupe yenye umanjano yasiyo na harufu siku za mwanzo ni kawaida. Wengi huyaita usaha wakakimbilia dawa bure.

Rudi kwa mhudumu wa afya kama maumivu yanaongezeka baada ya siku ya 2, uvimbe na joto vinatambaa nje ya jeraha, kuna usaha mzito au harufu, homa ya nyuzi 38 au zaidi, au wiki 2 zimepita na kidonda hakijafunga. Kikipita wiki 3, uwezekano wa kovu nene unakuwa mkubwa.

Kwa mtoto kuna hatari moja isiyosemwa sana. Siku chache baada ya kuungua, hata kwa jeraha dogo linaloonekana safi, homa ya ghafla pamoja na kutapika au kuhara, vipele au kulegea inaweza kuwa sumu ya bakteria imeingia mwilini. Ni dharura. Usisubiri asubuhi.

## Dawa za jikoni na za jirani

Kila mtaa una bingwa wa kutibu moto. Tuchambue zinazotajwa zaidi.

Dawa ya meno. Ubaridi wake ni wa mnanaa, unaodanganya mishipa ya fahamu. Joto limebaki ndani. Inakauka ikawa gamba, na mhudumu wa afya atalazimika kuliosha jeraha likiwa bichi.

Siagi, samli, mafuta ya kupikia. Hufunika ngozi na kuzuia joto kutoka. Siku ya kwanza hata Vaseline isiwekwe kabla ya dakika 20 za maji kuisha.

Ute wa yai. Yai bichi hubeba bakteria, na unalimwagia mahali ambapo ngozi imefunguka.

Unga wa ngano, majivu, udongo, kinyesi cha ng'ombe. Unga huganda kama chapati. Hivyo vingine ni njia ya wazi ya pepopunda.

Mafuta ya taa. Yanachubua ngozi, tena unamwaga kinachowaka karibu na jiko.

Manyoya ya sungura. Bado yana sifa kubwa. Yananata, kidonda kinaonekana kimekauka juu, na usaha unajikusanya chini ya tandiko hilo. Kuyatoa unyoya mmoja mmoja ni mateso kuliko kuungua kwenyewe.

Unga wa vidonge vya rangi mbili, zile kapsuli za antibiotiki. Kufungua kapsuli na kunyunyiza juu ya kidonda hakuzuii maambukizi, kunaongeza mzio na usugu wa dawa.

GV (gentian violet). Rangi yake ya zambarau inaficha kila kitu ambacho daktari anataka kuona.

Asali. Hapa kuna ukweli ndani yake. Asali iliyotakaswa kwa matumizi ya hospitali hutumika kufungia vidonda vya moto. Ya sokoni haijatakaswa, na mara nyingi imeongezwa sukari guru. Kwa mtoto chini ya mwaka mmoja iachwe kabisa, iwe ya kunywa au ya kupaka.

Mshubiri. Unafaa kwa jeraha la juu juu, ngozi ikiwa nzima, baada ya maji. Kata jani nene karibu na shina, lisimamishe dakika 10 hadi 15 mpaka utomvu wa manjano udondoke wote, kwa kuwa utomvu huo ndio unaowasha. Osha, menya, chukua ule ute mzito wa ndani usio na rangi. Jaribu kwanza mkononi kwa ndani, subiri nusu saa. Kisha paka mara 2 au 3 kwa siku. Afrika Mashariki ina mishubiri mwitu ya aina nyingi, na si yote inayofaa ngozi. Kama hujui ule wa uani ni upi, uache uwe pambo.

Jani la mgomba. Baadhi ya hospitali za India zimewahi kulitumia kufunika majeraha ya moto kwa sababu halinati, lakini lilikuwa limetakaswa kwa mvuke wa mashine. Lililokatwa shambani na kufutwa kwa kitambaa ni kitu kingine.

## Yanayofanana na moto lakini si moto

Mkono unaowaka baada ya kukata pilipili hauhitaji nailoni wala shashi. Ukali wa pilipili huyeyuka kwenye mafuta: sugua mafuta ya kupikia dakika moja, osha kwa sabuni ya vyombo, rudia. Usiguse macho.

Wanaochoma korosho kwa mkono, Mtwara na Lindi, wanajua mafuta ya ganda lake. Yale ni kemikali inayobabua. Osha mara moja kwa sabuni na maji mengi, mara kadhaa, na malengelenge yakitokea nenda zahanati. Kwa kostiki soda ya kutengenezea sabuni, maji yanayotiririka yasipungue nusu saa, na safari ya hospitali ianze huku bado unamwagia.

## Ngozi ikishafunga

Ngozi mpya ni kavu, inawasha, na rangi yake imetofautiana na ya jirani. Paka Vaseline au mafuta ya nazi mara 2 kwa siku, ukikanda kwa mduara mdogo kwa dakika chache. Mafuta ya nazi yasubiri mpaka hakuna sehemu yoyote mbichi.

Ifunike isipigwe na jua kwa miezi kadhaa, kwa mkono mrefu au khanga. Jua huliongezea weusi kovu changa. Krimu za kung'arisha ngozi zisiguse hapo. Rangi hurudi taratibu, kwa wengine mwaka mzima.

Kovu likianza kuinuka, kuwa gumu na kuwasha baada ya wiki kadhaa, hasa kama kwenu kuna watu wenye makovu ya kuvimba, muone daktari wa ngozi mapema, kabla halijatambaa nje ya mipaka ya jeraha la awali.